Mbegu za mionzi haziambukizi sahani

Huku Mbeya bado husemwa kwamba mzee aliyewekewa mbegu za mionzi, yaani punje ndogo zinazopandikizwa ndani ya tezi dume kutibu saratani changa, atengewe sahani na shuka. Si kweli. Iodini-125, kiini chenye mionzi cha mbegu hizo, imefungwa ndani ya vifuko vya metali ya titani vyenye urefu wa milimita 4.5 hivi, vyembamba kama risasi ya penseli. Jasho na mate hayaibebi. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 60. Ale ugali na wenzake, apande basi la Iringa. Ila miezi miwili ya kwanza asimpakate mjukuu, wala asikae karibu na mjamzito kwa muda mrefu.

Kinachosahaulika zaidi: mbegu huweza kutoka na mkojo au shahawa. Achuje mkojo siku za mwanzo, atumie kondomu. Akiiona mbegu, aiokote kwa kijiko, si vidole, aitie chupani, airudishe hospitali.