Soko la samaki Japani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Tsukiji, soko maarufu la samaki jijini Tokyo, halipo tena.
Kilichohama ni soko la jumla na mnada wake wa jodari, vilivyoanza kazi Toyosu, eneo jingine la Tokyo, tarehe 11 Oktoba 2018. Maduka ya nje ya Tsukiji yapo palepale, na asubuhi hapapitiki. Anayetaka mnada aende Toyosu kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, autazame akiwa nyuma ya kioo. Nafasi za kusogea karibu hutolewa kwa bahati nasibu, nazo huombwa mapema. Jumapili usijisumbue, hufungwa.

Dhana: kinacholiwa kibichi lazima kiwe kimevuliwa leo.
Hii ndiyo inayopotosha wengi. Sehemu kubwa ya jodari wa sashimi (vipande vya samaki mbichi) huvuliwa bahari za mbali na kugandishwa melini kwenye nyuzi joto kama 60 chini ya sifuri. Wala si dosari: kugandisha huua anisakis, minyoo anayemsumbua mla samaki mbichi.

Badala ya kukagua macho ya samaki, soma lebo. Muuzaji anatakiwa kuandika samaki ametoka wapi, kama amefugwa (養殖) na kama aliwahi kugandishwa kisha akayeyushwa (解凍). Kwenye pweza usishangae kukuta Mauritania au Morocco: Japani hununua pweza wengi kutoka huko, kwa hiyo huyo "wa kienyeji" unayempiga picha huenda ni Mwafrika mwenzako.

Dhana: chaza wa kupika ni wale waliolala.
Hapana. Tofauti ni maji walimokulia. Wenye alama 生食用 (wa kuliwa wabichi) wametoka kwenye maji yaliyopimwa na kuruhusiwa, au wamesafishwa kwa utaratibu maalumu. Wenye 加熱用 (wa kupikwa) wanaweza kuwa wametolewa baharini asubuhi hiyohiyo, na bado ukiwala wabichi tumbo litakueleza.

Dhana: jodari Japani ni mali ya matajiri.
Habari hizi hutokana na mnada wa kwanza wa mwaka. Januari 2019, jodari wa kilo 278 aliuzwa yeni milioni 333.6. Ile ni bei ya kutafuta jina. Siku za kawaida bei haifiki huko hata kidogo. Kule mji wa Kushiro, kaskazini mwa Japani, katika soko la Washo, unanunua bakuli la wali kisha unapita meza kwa meza ukichagua vipande, kila kimoja na bei yake.

Dhana: sokoni ni sokoni, bei hupunguzwa.
Bei iliyoandikwa ndiyo bei. Ukizoea muuzaji na yeye akakuzoea, huenda akakutilia nyongeza, lakini kumshikia "punguza kidogo" kama uko soko la Feri, Dar es Salaam, ni kumtia aibu bure.

Dhana: ukinunua, kula huku unatembea.
Katika soko la Nishiki, Kyoto, wageni huombwa wasifanye hivyo. Simama mbele ya duka ulilonunua, umalize, umrudishie muuzaji kijiti na sahani. Mapipa ya taka barabarani ni adimu.