Tarehe kwenye mtutu wa Winchester 1873 si ya kuundwa kwake

Wakusanyaji wengi wa bunduki za kale husoma “1866” au “1860” kwenye mtutu wa Winchester 1873 wakaamini ndio mwaka ilipotengenezwa. Sivyo. Maandishi yale yanataja hataza (haki za uvumbuzi): ya Nelson King ya tarehe 29 Machi 1866, na nyingine ya 16 Oktoba 1860. Bunduki yenyewe haikuwepo kabla ya 1873, na kiwanda cha New Haven, Marekani, kiliendelea kuitengeneza hadi karne ya 20, zaidi ya 700,000. Hata “1873” ni jina la modeli tu.

Kwanza hakikisha haina risasi kwenye chemba (mahali risasi hufyatuliwa) wala kwenye magazini (ghala la risasi). Kisha igeuze juu chini, utafute namba ya mfululizo, ambayo ndiyo huonyesha mwaka ilipotengenezwa, kwenye ukanda wa chuma nyuma ya kifyatulio. Ikiwa imefunikwa na kutu, weka tone la mafuta mepesi, liache lilainishe, ufute kwa kitambaa laini na kumulika tochi kwa ubavu. Usipige msasa kamwe! Tarakimu zikilika, 3 husomeka 8, na thamani inashuka papo hapo.

Linganisha namba na kaliba (aina ya risasi inayotumia): .38-40 ilianza 1879, .32-20 ikafuata 1882. Namba ya mwaka 1876 kwenye bunduki yenye mtutu wa .32-20 maana yake mtutu ulibadilishwa baadaye, jambo lililokuwa la kawaida. Kwa namba nyingi, makumbusho ya Cody, Wyoming, hutoa barua kutoka daftari za kiwanda.