Jaketi la ngozi: vipimo watu wanavyodanganyana

"Chukua hilo hilo linalobana, ngozi itaachia yenyewe." Hii ndo inaongoza, na ndo inayowapotezea watu hela. Ni kweli ngozi inaachia, lakini inaachia pale inapokunjwa kila siku, kwenye viwiko na mgongoni, tena kidogo sana maana bitana ya ndani haivutiki kama ngozi. Mabega hayaachii, mikono hairefuki, na zipu inayogoma leo usitegemee iwe imefunga vizuri mwakani.

"Basi fundi ataliongeza." Jamani hapana! Kitambaa ukifumua ukapiga pasi vitundu vya sindano vinapotea, ngozi ikishatobolewa imetobolewa, fundi akisogeza mshono unabaki na mstari wa vitobo pembeni mwa mshono mpya na kila mtu anauona. Halafu ule upindo wa ndani kwenye jaketi la ngozi ni mwembamba na mara nyingi umebandikwa kwa gundi, kwahiyo hata cha kuachia hakipo. Kupunguza inawezekana, kuongeza maana yake ni kupachika kipande. Ndo maana kipimo kinatakiwa kiwe sahihi kabla mkasi haujagusa ngozi.

"Najipima mwenyewe tu." Ukijipima unanyanyua mikono, mabega yanapanda, namba zote zinaharibika. Tafuta mtu akupime, we simama kawaida mikono chini upumue kawaida usijaze kifua. Bega linapimwa mgongoni, kutoka kile kifupa kinachochomoza mwisho wa bega mpaka cha upande wa pili, sio mpaka kwenye nyama ya mkono. Kifua tepu ipite chini ya kwapa pale palipo panene zaidi, na anayekupima aangalie mgongoni maana huko ndo tepu inaposhukaga bila mtu kujua. Na tepu yenyewe ilaze kwanza pembeni ya rula ya chuma, zile za zamani zimevutika, unasoma inchi 38 kumbe una 39.

Sasa hapa kwenye kifua ndo watu wanachanganya sana. Kipimo cha mwili sio kipimo cha jaketi. Jaketi la kukaa fiti linazidi mwili kama inchi 3 mpaka 4, na zaidi kidogo kama ndani utavaa sweta. Mtu analaza jaketi lake la zamani, anapima kwapa mpaka kwapa, anazidisha mara mbili, anamtumia fundi kwenye WhatsApp "kifua 44", fundi anajua ni mwili, anaongeza inchi zake, linakuja 48 linapwaya kama gunia. Andika wazi kabisa, hiki ni cha mwili au hiki ni cha jaketi.

Kuhusu lebo za mitumba usihangaike, 50 ya Italia ni 40 ya Uingereza, na L ya kampuni moja sio L ya nyingine. Lijaribu mwilini.

"Mkono unapimwa umenyooka." Kwa shati sawa, kwa ngozi hapana, hasa kama unaendesha bodaboda. Kunja kiwiko kidogo kama umeshika usukani, pima kutoka kifupa cha bega, pita nje ya kiwiko, ishia kwenye kifundo cha mkono. Ukipima umenyooka, ukishika usukani mkono wa jaketi unapanda na ile baridi ya asubuhi ya Arusha inaingia mpaka kwapani.

Na wanaosema jaketi linaloishia kwenye mkanda limekatwa fupi, hapana, la pikipiki ndo linavyotakiwa, Irving Schott, mtengeneza majaketi wa New York, alilitengeneza hivyo tangu 1928, maana refu ukikaa linasukumwa juu kola inakugonga kidevu.

Mwisho tumbo, wanaume wengi wanaliruka kabisa. Lipime lilipo, usilivute ndani, kisha kaa kwenye kiti ulipime tena, na umpe fundi ile namba kubwa.