Kadi ya benki tumboni? Hesabu ilivimba

Umeketi na sindano za plastiki na uzi wa akriliki, unafuma, mara unakumbuka ile kauli kwamba kila wiki binadamu humeza plastiki yenye uzito wa kadi ya benki. Mikono inasita.

Kauli hiyo ilienea mwaka 2019, kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, ulioagizwa na WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Makadirio yenyewe yalikuwa gramu 0.1 hadi 5 kwa wiki; vichwa vya habari vikabeba ile 5 tu. Ugumu ulikuwa kugeuza idadi ya chembe za plastiki kuwa uzito: ukidhani chembe ni kubwa kuliko ilivyo, jumla inavimba. Mwaka 2021 watafiti wengine walizingatia tofauti za ukubwa wa chembe, wakapata mikrogramu 4 hivi kwa wiki kwa mtu mzima. Kadi ile ni nzito kuliko hapo mara milioni moja na ushei.

Sisemi plastiki mwilini haina neno. Athari zake bado zinachunguzwa. Ila sindano inayoteleza kwenye uzi si msasa. Cha kujali ni vumbi: unaposugua plastiki au resini, vaa barakoa ya vumbi, lowesha unachosugua, kisha futa meza kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagia. Mkeka wa kukatia uliochakaa, ubadilishe (wangu niliung'ang'ania mno).

Wasiwasi ukirudi, jiulize: ninachofanya sasa kinatoa vumbi? Kama hakitoi, endelea kufuma.