Geti linafunguka lakini halifungi? Usilaumu moteri

Hapa Goma, geti la umeme likikataa kufunga, mwenye nyumba huambiwa papo hapo: «Moteri imeungua.» Kama imeungua, imelifungua vipi? Anza na yale macho mawili ya usalama kwenye nguzo, vihisi vinavyotumia mwale usioonekana kugundua kitu kilicho katikati. Vumbi la mawe ya volkano na utando wa buibui huyaziba, geti likadhani kuna gari katikati. Futa kioo kwa kitambaa kikavu, pitisha mkono mbele ya jicho, usikilize: relei (swichi ndogo ya umeme ndani ya jicho) ikiwa nzima hulia «tik». Kimya? Pima umeme unaofika kwenye jicho. Mengi hutumia volti 12 au 24. Nyaya zilizogeuka kijani, zikate uzimenye upya. Kuruka jicho kwa kipande cha waya, hapana: geti litambana mtoto. Moteri ya volti 220 inayonguruma bila kuzunguka, hapo shuku kwanza kondensa, kifaa kinachoipa moteri msukumo wa kuanza kuzunguka.