Kwa Nini Foleni za Famasi Zilirefuka England Wakati wa Amri ya Kukaa Nyumbani? Maswali na Majibu

Waziri Mkuu Boris Johnson alipotangaza usiku wa tarehe 23 Machi 2020 kwamba watu wabaki majumbani mwao kwa sababu ya korona, famasi zilikuwa miongoni mwa maduka machache yaliyoruhusiwa kuendelea na kazi. Katika wiki zilizofuata, wakazi wa London, Leicester na miji mingine ya England walikuta mistari ya watu iliyopinda hadi kona ya mtaa mbele ya duka la dawa walilolizoea, na mpaka leo wapo wanaoamini kwamba wafamasia walizembea au kwamba dawa zilikwisha nchini. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu foleni hizo, pamoja na ushauri unaomfaa yeyote mwenye dawa za kutumia kila siku.

Je, foleni zilirefuka kwa sababu wagonjwa wa korona walikuwa wengi?

Si hasa. Mtu mwenye homa au kikohozi kipya kisichokoma alikuwa ameagizwa asiende famasi kabisa, bali akae nyumbani siku 7, na wale anaoishi nao wakae siku 14. Waliosimama nje walikuwa kwa sehemu kubwa wateja wale wale wa miezi yote: wenye presha, kisukari, pumu, maradhi ya moyo na tezi. Kilichobadilika ni kwamba walikuja kwa wakati mmoja.

Dawa za kudumu England huandikwa mara nyingi za siku 28, au za mwezi mmoja hadi miwili, na kwa kuwa kila mgonjwa ana tarehe yake, kazi ya famasi hujigawa yenyewe katika siku za mwezi. Katikati ya Machi 2020 mpangilio huo ulivurugika, kwa sababu mtu aliyekuwa na vidonge vya wiki tatu kabatini aliomba vya mwezi unaofuata, jirani yake akafanya hivyo hivyo, na kazi ya mwezi mzima ikaangukia wiki moja. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha jambo lote, na sababu nyingine ziliongezea tu uzito. Sisemi hivyo ili kuwalaumu watu, kwani amri ya kufungiwa ndani inaponukia, mwenye moyo mgonjwa hawezi kutulia akihesabu vidonge kumi vilivyobaki.

Kuna pia suala la umbali. Kila mtu alitakiwa kusimama mita 2 kutoka kwa mwenzake, na famasi ndogo ziliruhusu wateja wawili au watatu tu kuingia kwa pamoja. Watu kumi, ambao zamani wangejibanza ndani bila mpita njia kuwaona, sasa walichukua karibu mita 20 za njia ya miguu. Baadhi ya foleni zilizotisha kwa macho hazikuwa na watu wengi. Kuwasimamisha nje kulikuwa na faida yake ya kiafya pia, kwa kuwa virusi hivi huambukiza kwa urahisi zaidi ndani ya chumba chenye hewa iliyotuama kuliko mahali penye upepo.

Daktari alikuwa ameshatuma cheti cha dawa kwa kompyuta. Kilichobaki si kuchukua boksi kwenye rafu na kumkabidhi mteja?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu foleni ya nje hutokana na foleni nyingine iliyo nyuma ya kaunta, ambayo mteja haioni.

Tuchukue cheti cha mama mmoja mwenye kisukari na lehemu nyingi katika damu, anayetumia metformin na simvastatin. Cheti kinapoingia kutoka kliniki, mhudumu mmoja hukipakua na kuchapa lebo zenye jina la mgonjwa na maelekezo ya kila dawa. Mwingine hutoa maboksi kwenye rafu, huyahesabu, huyaweka pamoja na lebo ndani ya kikapu kidogo cha plastiki, na kikapu hicho husogezwa kwenye meza ya ukaguzi. Hapo hukaa mpaka mfamasia akifikie, kwa kuwa sheria inataka kila famasi iwe na mfamasia msimamizi anayewajibika, na katika maduka mengi ya mitaani huyo ni mtu mmoja tu. Mfamasia husoma kama dozi ni sahihi, kama dawa ni ya mtu huyo kweli, na kama dawa moja haigombani na nyingine.

Sasa tuseme wiki hiyo daktari, ambaye amezungumza na mama huyu kwa simu tu, amemwongezea antibiotiki iitwayo clarithromycin kwa ajili ya kifua. Dawa hiyo haitakiwi kumezwa pamoja na simvastatin, kwa kuwa huipandisha simvastatin mwilini hadi kuweza kuharibu misuli. Mfamasia hana budi kusimama, kushika simu na kuipigia kliniki, na wakati huo laini za kliniki zilikuwa zimeelemewa kwa sababu nazo zilikuwa zimehamishia sehemu kubwa ya mashauriano kwenye simu. Kikapu kimoja kinaweza kusubiri muda mrefu kwa tatizo kama hilo, na vikapu vingine vinarundikana nyuma yake. Mteja aliyesimama mlangoni huona tu mtu aliyevaa barakoa akizungumza na simu, naye hudhani ni maongezi ya kawaida.

Vilevile kulikuwa na madeni. Cheti kikidai vidonge 56 na rafuni vimebaki 28, mgonjwa hupewa vilivyopo pamoja na karatasi inayoonyesha anachodai, kisha hurudi siku nyingine kumalizia. Kwa hiyo mtu mmoja alihesabika mara mbili kwenye foleni za wiki ile ile. Ongeza wazee wanaopangiwa dawa katika visanduku vya wiki nzima, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kidonge kwa kidonge, na utaelewa kwa nini huduma ya taifa ya afya, NHS, iliruhusu famasi kufunga mlango kwa saa chache za mchana ili zipunguze mrundikano. Watu waliona mlango umefungwa na wahudumu wamo ndani, wakakasirika, ilhali saa hizo ndizo vikapu vyao vilipokuwa vikishughulikiwa.

Mbona hawakuajiri watu zaidi?

Mfamasia England husoma shahada ya miaka minne na kufuatiwa na mwaka wa mafunzo kazini, kwa hiyo hapatikani kwa tangazo la dirishani. Waliokuwepo nao walipungua, kwani mtoto mmoja akikohoa nyumbani, mzazi wake anayefanya kazi famasi alilazimika kukaa ndani siku 14, na katika wiki za mwanzo kupimwa hakukuwa rahisi. Baadhi ya wastaafu walirudishwa katika rejista ya muda ya wafamasia, na wamiliki wengi walifanya kazi siku saba. Kwa wasomaji wa Kiswahili ni vyema kukumbuka kwamba si wachache kati ya wenye famasi hizo wanatoka katika familia za Kihindi zilizohamia Uingereza kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, na katika mji kama Leicester mzee aliyeshindwa kujieleza kwa Kiingereza aliweza kubahatika kujibiwa kwa Kiswahili kutoka nyuma ya kioo cha plastiki.

Je, ni kweli kwamba paracetamol ilikwisha?

Rafu zilikauka, lakini dawa haikuisha nchini. Mambo matatu yaligongana ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 3 Machi 2020 India, ambayo ni mtengenezaji mkubwa wa dawa za bei nafuu duniani na ambayo nayo hutegemea malighafi kutoka China, ilizuia kwa muda kuuza nje viambato na dawa za aina 26, paracetamol ikiwamo. Tarehe 14 Machi Waziri wa Afya wa Ufaransa, Olivier Véran, alionya kwamba ibuprofen, dawa nyingine ya maumivu na homa, huenda ikazidisha ugonjwa wa korona, na watu waliokuwa wakiitumia wakahamia paracetamol mara moja. Mwezi uliofuata jopo la wataalamu nchini Uingereza lilisema hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa madai hayo, lakini wakati huo watu walikuwa wameshanunua. La tatu ni hofu tu: kila nyumba ilitaka pakiti ya akiba.

Tangu mwaka 1998 Uingereza imeweka ukomo wa ukubwa wa pakiti, vidonge 16 katika maduka ya kawaida na 32 katika famasi, na sababu yake ni ya kuokoa maisha, kwa kuwa paracetamol ikizidi huharibu ini. Mtu mzima hapaswi kuzidisha vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na anapaswa kuacha angalau saa nne kati ya dozi na dozi. Soma pia maboksi ya dawa za mafua, kwa maana nyingi zina paracetamol ndani yake. Anayemeza Panadol kisha akanywa dawa ya unga ya mafua huenda amekunywa dozi mbili bila kujua.

Kwa nini madaktari hawakuandika dawa za miezi mitatu, foleni ikapungua?

NHS iliwaelekeza wasirefushe muda wa vyeti. Ghala la dawa la nchi hupangwa kwa matumizi ya kawaida ya mwezi, na endapo nusu ya wagonjwa wangechukua za miezi mitatu, nusu nyingine ingekosa za wiki ile. Wenye kufuatilia huduma za VVU Kenya na Uganda watashangaa, kwani huko wagonjwa ambao hali zao ni thabiti walikuwa wakipewa dawa za miezi mitatu, jambo lililopunguza safari za kliniki. Tofauti ni kwamba programu hizo zinajua idadi ya wagonjwa wao na huagiza dawa zao mapema. Kilichohimizwa England ni cheti kimoja cha kielektroniki kinachoweza kudumu hadi miezi 12, ambapo famasi hutoa dawa kwa awamu bila mgonjwa kuomba upya kwa daktari kila mara.

Mama yangu ni mkongwe na alikuwa hawezi kutoka. Watu kama yeye walipataje dawa?

Takriban watu milioni 1.5 wenye hatari kubwa zaidi waliandikiwa barua za kuwataka wabaki ndani wiki 12, na kuanzia tarehe 9 Aprili 2020 famasi zilitakiwa kuhakikisha kwamba wale wasio na mtu wa kuwachukulia dawa wanaletewa mlangoni. Watu 750,000 walijiandikisha kujitolea kusaidia NHS kwa muda wa siku chache tu, na kubeba dawa kulikuwa miongoni mwa kazi zao. Jirani au ndugu pia aliweza kutumwa, mradi ajue jina kamili na anwani ya mgonjwa.

Baadhi ya wazee wetu walikataa msaada huo kwa kuona haya, wakihofia jirani atajua wanatumia dawa gani. Mfuko hufungwa na kubandikwa jina na anwani tu, na mchukuaji hana haki ya kuelezwa kilichomo.

Nifanye nini nisisimame foleni mara mbili?

Omba dawa zako zinapobaki za siku saba hadi kumi, si mapema zaidi ya hapo na si siku ya kidonge cha mwisho. Chagua famasi moja na uiandikishe kliniki kuwa ndiyo itakayopokea vyeti vyako. Subiri ujumbe wa simu unaokuarifu kwamba mfuko uko tayari, kwa sababu wengi wa waliosimama muda mrefu walikwenda kuuliza tu kama cheti kimefika. Nyumba yenye wagonjwa watatu imtume mtu mmoja achukue mifuko yote. Kama una nafasi, epuka asubuhi ya Jumatatu.

Niliona foleni nikarudi nyumbani, dawa zikaniishia. Je, kuna hatari?

Inategemea ni dawa gani. Aliyekosa kidonge kimoja cha lehemu aendelee na dozi inayofuata kwa wakati wake, bila kumeza viwili kufidia. Lakini zipo dawa ambazo hazifai kukatizwa hata siku moja: insulini, dawa za kifafa, dawa za kuzuia damu kuganda, na steroidi kwa aliyezitumia kwa muda mrefu. Baadhi ya dawa za presha na moyo, kama bisoprolol, nazo huleta mapigo ya kasi zikiachwa ghafla. Mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini akaanza kutapika, au kupumua kwa kasi, asitafute famasi bali apige simu 999, namba ya dharura ya Uingereza.

Kwa dawa unayoitumia siku zote, mfamasia wa England ana mamlaka ya kukupa akiba ya dharura bila cheti, hadi ya siku 30, akijiridhisha kwamba unaihitaji kweli na huwezi kumpata daktari kwa wakati. Dawa nyingi za maumivu makali zinazodhibitiwa hazimo katika ruhusa hiyo. Nenda na boksi la zamani lenye lebo yako, na ukiwa na dawa mojawapo ya hizo zisizokatizwa, mwite mhudumu wa mlangoni umwambie jina la dawa na saa uliyotumia mara ya mwisho, kabla hujasimama mwisho wa mstari.