Nje matofali, ndani chuma

Hizi ni dhana potofu kuhusu maghala ya Uingereza ya zama za Malkia Victoria (karne ya 19), ambayo siku hizi hugeuzwa makazi na ofisi.

Dhana: Ghala la zama za Malkia Victoria limesimama kwa unene wa kuta zake.
Ingia Albert Dock, gati la zamani la Liverpool, ambako maghala yaliyofunguliwa mwaka 1846 leo yana makumbusho, makazi na ofisi, kisha tazama juu. Utaona matao mafupi ya matofali yameegemea boriti za chuma, na boriti zimebebwa na nguzo za chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Kuta za nje zina mzigo wao, ila katikati ya jengo kazi yote ni ya nguzo. Mpangaji anayetaka ukumbi mpana usio na nguzo atafute jengo jingine.

Dhana: Chuma hakiungui, basi ghala la chuma ni salama kwa moto.
Jesse Hartley, mhandisi wa Albert Dock, alikwepa mbao kwa kuogopa moto, na hapo hakukosea. Tatizo ni kwamba chuma kilichomiminwa kwenye kalibu kikishapata moto mkali, kisha kikamwagiwa maji baridi, huweza kupasuka ghafla bila dalili. James Braidwood, mkuu wa zimamoto London, aliwaonya wahandisi juu ya hatari hiyo mwaka 1849. Juni 1861 maghala ya Tooley Street, London, yakawaka, ukuta ukamwangukia, akafa kazini. Siku hizi ghala likigeuzwa ofisi, nguzo mara nyingi hupakwa rangi maalumu ambayo ikipata joto hufura na kukikinga chuma.

Dhana: Matofali yaliyo wazi ndiyo sura ya asili.
Si lazima. Kuta nyingi za ndani zilipakwa chokaa ili ziongeze mwanga. Wanaozipiga mchanga kwa mashine zipate “sura ya zamani” hukwangua ngozi ngumu ya tofali, na tofali lisilo na ngozi hunywa maji. Kibaya zaidi ni kuziba viungo kwa saruji: unyevu hukosa pa kutokea, uso wa tofali ukabanduka. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaijua hasara hiyo kwenye kuta zao za mawe na chokaa.

Dhana: Maghala yote yalikuwa ya giza.
Ya Whitworth Street, Manchester, yalikuwa ya biashara ya nguo, na nguo haikaguliwi gizani. Upande wa nyuma yalijengewa madirisha makubwa na matofali meupe ya kung'aa.

Dhana: Vyuma vya umbo la X au duara ukutani ni mapambo.
Ni vichwa vya fito za chuma zilizopita ndani kuzifunga kuta zisitanuke nje. Kabla hujaving'oa, mwite mhandisi.